Usahihi Usiorithiwa

Mashine ya CNC, yaani inayoongozwa kwa namba na kompyuta, ya kuchongea mbao inayoundwa nyumbani huzaliwa na kasoro. Vyuma vya fremu yake hukatwa kwa grainda, matundu hutobolewa kwa drili ya mkononi, na vipimo huchukuliwa kwa utepe ambao ncha yake yenyewe inacheza. Hata hivyo, fundi mvumilivu anaweza kuiboresha hatua kwa hatua mpaka ikachonga vipande vilivyonyooka kuliko vile vilivyoiunda. Karakana hulitekeleza jambo hilo bila makuu, lakini kwa falsafa ni fumbo. Wanafalsafa wa Kiislamu na wa Kikristo wa zama za kati walishika kanuni kwamba asiyekuwa na kitu hawezi kukitoa. Kama kanuni hiyo ni ya kweli, na mashine iliyopinda haina unyoofu, basi unyoofu wa kazi yake umetoka wapi?

Jibu la haraka ni kwamba umenunuliwa. Reli, beringi na skrubu zimetoka kiwandani, na kiwandani palikuwa na mashine bora zaidi. Jibu hilo hulisogeza swali mbele bila kulimaliza. Mashine ya kiwandani nayo iliundwa na mashine nyingine, na hiyo ikaundwa na nyingine, hadi kumfikia fundi aliyekuwa na tupa, patasi na macho yake. Lau kila chombo kingetoa usahihi ulio sawa na wake au pungufu yake tu, usahihi ungefifia kizazi baada ya kizazi. Historia ya ufundi imekwenda kinyume. Kwa hiyo ipo njia ambayo usahihi huongezeka, na njia hiyo haiwezi kuwa ya kurithishana.

Makosa ya mashine

Udhibiti wa mashine kwa namba ulianzia Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, pale John Parsons alipotafuta namna ya kutengeneza mapanga ya helikopta kwa kufuata orodha ya nukta zilizokokotolewa. Wazo hilo lilikuzwa katika chuo cha MIT, na mwaka 1952 mashine ya kwanza ya aina hiyo ilionyeshwa hadharani. Mashine ya nyumbani ya leo hufuata msingi uleule. Mota ya hatua hugawa mzunguko mmoja katika hatua 200, yaani nyuzi 1.8 kila hatua. Kifaa kinachoiendesha kikiigawa kila hatua mara 8, na mota ikizungusha skrubu inayosogea milimita 5 kwa mzunguko, kompyuta hupata hatua 320 kwa kila milimita. Kwa hesabu, mashine hiyo inaweza kuamriwa isogee chini ya sehemu moja ya mia mbili ya milimita.

Kuamriwa na kutii ni mambo mawili. Kati ya amri na ubao pana makosa ya namna tatu. La kwanza ni kosa la umbo: reli mbili zisizokwenda sambamba, daraja linalobeba mota ya kuchongea lisilokaa pembe mraba na kitanda kinacholaziwa ubao, au mota yenyewe iliyoinama ikaacha michirizi juu ya ubao. La pili ni mchezo, ile nafasi kati ya skrubu na nati inayofanya mota izunguke kidogo bila kitu kusogea kila mwelekeo unapobadilika. La tatu ni kupinda kwa sababu ya nguvu. Biti ndefu husukumwa na mbao, na kupinda kwake huongezeka kwa mchemraba wa urefu wake, hivyo biti ikichomoza nusu ya urefu wa awali hupinda sehemu moja ya nane tu. Fremu nayo hupinda kwa kadiri ya malighafi yake: kwa umbo na unene uleule, chuma hukaza takriban mara tatu ya alumini, na MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, huachwa mbali na vyote viwili.

Makosa hayo hayana uzito sawa mbele ya akili. Kosa la umbo ni la kudumu: likijulikana leo, litakuwapo kesho kwa kiasi kilekile, na linaweza kuondolewa kwa kulegeza bolti na kusogeza kipande. Mchezo na kupinda hubadilika kufuatana na mwelekeo, kasi na ugumu wa mbao. Ndiyo maana mafundi wazoefu huanza na ukakamavu wa fremu, wakafuata mchezo wa skrubu, na kuiacha mipangilio ya programu mwisho. Mpangilio huo una sababu ya kifalsafa: kinachosahihishika ni kile kinachojirudia. Mashine inayokosea vilevile kila mara iko karibu na usahihi kuliko ile inayopatia leo na kukosea kesho, kwa kuwa ya kwanza inaweza kufahamika.

Nani ampime mpimaji

Wanafalsafa wa Ugiriki ya kale waliokuwa na shaka juu ya maarifa waliunda hoja inayoigusa karakana moja kwa moja. Hoja hiyo, iliyohifadhiwa katika maandishi ya Sextus Empiricus na kuhusishwa na Agrippa, inasema kwamba kila dai linahitaji ushahidi, na ushahidi huo nao unahitaji ushahidi. Msururu huo ama hauna mwisho, ama unazunguka na kurudi ulikoanza, ama unakomea kwenye jambo lililokubaliwa bila kuthibitishwa. Kwa fundi hali ni hiyohiyo. Reli hupimwa kwa rula, lakini rula imepimwa kwa nini? Akijibu kwamba imepimwa kwa rula bora, yumo katika msururu. Akisema reli na rula zinathibitishana, yumo katika mzunguko. Akisema rula hii ni nyoofu na basi, ameamini tu.

Plato aliliona tatizo hilohilo kwa upande mwingine. Katika mazungumzo yake yaitwayo Phaedo, Socrates anaeleza kwamba vijiti viwili vionekanavyo kuwa sawa daima hupungukiwa na usawa wenyewe, ilhali akili inaujua usawa huo vya kutosha kuutambua upungufu. Plato akahitimisha kwamba nafsi iliufahamu usawa kabla ya kuzaliwa, na kwamba kujifunza ni kukumbuka. Jibu hilo linaeleza jinsi akili inavyoweza kuhukumu chuma. Halielezi jinsi chuma chenyewe kinavyopata umbo ambalo hakikuwa nalo.

Jibu la karakana lilitoka Uingereza. Henry Maudslay, aliyefariki mwaka 1831, aliwafundisha mafundi wake kuthamini uso bapa kama msingi wa kazi zote za mashine. Joseph Whitworth, aliyewahi kufanya kazi katika karakana yake, aliieleza mwaka 1840 njia ya kupata uso wa namna hiyo bila kuwa na uso bapa wa kuigiza. Huchukuliwa mabamba matatu ya chuma, na hakuna hata moja linaloaminiwa. Bamba la kwanza hupakwa rangi nyembamba na kulazwa juu ya la pili. Rangi huonyesha mahali yanapogusana, na hapo hukwanguliwa. Kazi hurudiwa mpaka yagusane kote.

Kama kazi ingeishia hapo, kosa lingeweza kubaki salama. Mabamba mawili yanaweza kulingana kikamilifu huku moja likiwa na mbinuko na lingine mbonyeo wa kiasi hichohicho. Bamba la tatu ndilo huvunja ushirika huo wa makosa. Likilinganishwa na lile lenye mbinuko, nalo litapata mbonyeo. Kisha mabamba mawili yenye mbonyeo yakikutanishwa, yatagusana pembezoni tu na kuacha uwazi katikati, na uwazi huo utakuwa maradufu ya kosa la kila moja. Mabamba yakiendelea kukutanishwa wawiliwawili kwa zamu, na kuzungushwa ili msokoto nao ujitokeze, umbo moja tu linaweza kupita majaribio yote: ubapa.

Hapa hoja ya wenye shaka hupata jibu ambalo halikuwa miongoni mwa njia zao tatu. Njia ya mabamba hufanana na mzunguko, kwani kila bamba huhukumiwa na wenzake. Lakini ni mzunguko wa aina ya pekee, uliopangwa ili makubaliano ya uongo yasiweze kudumu ndani yake. Makubaliano ya wawili hayathibitishi ukweli. Makubaliano ya watatu, ambapo kila mmoja amekabiliana na kila mwenzake, huthibitisha, ikiwa jambo lenyewe lina umbo ambalo uongo hauwezi kuliiga pande zote. Wala kanuni ya wanafalsafa wa zama za kati haikuvunjwa. Hakuna bamba lililotoa ubapa lisiokuwa nao. Ubapa ulitokana na utaratibu wa kulinganisha, na utaratibu huo haukuwa mali ya bamba lolote.

Kugeuza kama ushahidi

Mbinu ya mabamba ina dada yake nyepesi ambayo mafundi seremala huitumia bila kuipa jina. Skwea hujaribiwa kwa kuegemezwa kwenye ukingo ulionyooka na kuchorewa mstari, kisha kupinduliwa na kuchorewa mstari wa pili kutoka nukta ileile. Mistari ikiachana, pengo kati yake ni maradufu ya kosa la skwea. Pimamaji nayo husomwa, ikageuzwa ncha kwa ncha, ikasomwa tena. Katika majaribio yote mawili chombo kibovu kimelazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya nafsi yake, na hakuna chombo bora kilichohitajika.

Mashine ya CNC hunyooshwa kwa hekima hiyohiyo. Ili kujua kama daraja lake liko pembe mraba, mashine huamriwa ichonge mstatili wa milimita 600 kwa 800. Kama pembe ni sahihi, kila mshazari, kutoka kona hadi kona, utakuwa milimita 1,000. Kama daraja limepotoka milimita 1 katika urefu wa 800, mishazari itatofautiana kwa milimita 1.2. Kosa limejitokeza likiwa kubwa kuliko lilivyo. Na hata utepe unaotumika ukiwa umerefuka kupita kiasi au umepungua, hukumu haibadiliki, kwa sababu utepe huohuo umepima mishazari yote miwili na kosa lake limejifuta. Kinachotafutwa ni tofauti, na tofauti haihitaji kipimo kikamilifu.

Mwelekeo ulionyooka hupatikana vivyo hivyo. Mashine huchonga vipande viwili virefu kwa kufuata mhimili mmoja, kisha kimoja hupinduliwa na kuwekwa ukingo kwa ukingo na mwenzake mbele ya mwanga. Reli ikiwa imepinda, kupinda kwake kutaonekana mara mbili, ama kama ufa wa mwanga katikati, ama kama vipande vinavyobembea juu ya uvimbe.

Kujikubali na kujisahihisha

Mafundi wengi hukutana na hatari moja katika uboreshaji, na hatari hiyo ina funzo kwa kila utafutaji wa ukweli. Ni desturi kuifanya mashine ichonge kitanda chake yenyewe kwa biti pana, ili kila mahali pa kitanda pawe na umbali mmoja kutoka kwenye biti. Baada ya hapo ubao unaolazwa juu yake huchongwa kwa kina kilicho sawa, na kwa kazi nyingi hilo linatosha. Lakini si lazima kitanda hicho kiwe bapa. Kama daraja limelegea katikati, kitanda kitachongwa kwa mkunjo uleule wa daraja. Mashine na kitanda vitakubaliana kabisa, na makubaliano hayo yatakificha kile ambacho kutokubaliana kungekifichua.

Hivyo pana tofauti kubwa kati ya chombo kujikubali na chombo kujisahihisha. Kujikubali ni kuondoa mgongano kwa kuifanya dunia ifanane na kosa. Kujisahihisha ni kuutafuta mgongano kwa makusudi: kugeuza, kupindua, kukutanisha na mwingine asiyeshiriki kosa hilo. Mwanafalsafa Karl Popper, aliyeandika katika karne ya 20 juu ya mbinu ya sayansi, alishikilia kwamba nadharia hupata heshima kwa kujiweka mahali inapoweza kukanushwa. Kipande kilichopinduliwa kimewekwa mahali hapo hasa.

Kipimo cha maumbile na kipimo cha makubaliano

Unyoofu, ubapa na pembe mraba vina sifa moja ya pamoja: kila kimoja kinaweza kupatikana upya, popote, na mtu asiye na chombo chochote cha kuigiza. Fundi aliyejitenga na dunia nzima, akifuata njia ya mabamba matatu, ataufikia ubapa uleule alioufikia Whitworth. Milimita haina sifa hiyo. Hakuna utaratibu wa kugeuza na kulinganisha utakaomfunulia fundi huyo urefu wa milimita, kwa kuwa milimita ni makubaliano ya watu.

Tofauti hiyo huonekana wazi pale programu inapopangwa. Mashine inayoendeshwa kwa mkanda inaweza kuwa na hatua 80 kwa milimita katika hesabu. Ikiamriwa kwenda milimita 500 ikaenda 498, namba hiyo husahihishwa kuwa takriban 80.3. Hapa fundi hana budi kuiamini rula, na nyuma ya rula upo mkataba wa kimataifa. Tangu mwaka 1889 mkataba huo uliegemea ufito wa platini na iridiamu uliohifadhiwa karibu na Paris. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein alidai kwamba kuna kitu kimoja kisichoweza kusemwa kuwa kina urefu wa mita moja wala kuwa hakina, nacho ni ufito huo wenyewe, kwani ndio uliotoa maana ya neno. Tangu mwaka 1983 mita huelezwa kwa mwendo wa mwanga katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Mkataba umehamishwa kutoka kwenye kitu kimoja kilichofungiwa hadi kwenye jambo lililo wazi kwa kila maabara, lakini umebaki kuwa mkataba.

Mkataba si udhaifu. Mwaka 1841 Whitworth alipendekeza hesi za bolti na nati zifuate vipimo vya pamoja, na mapendekezo hayo yalipoenea, nati ya karakana moja ikaingia kwenye bolti ya karakana nyingine ambayo haijawahi kuiona. Umbo sahihi huiwezesha kazi kuwa kweli, na kipimo cha pamoja huiwezesha kuwafaa wengine. Mwenye kuchonga meza yake peke yake anaweza kuishi bila milimita. Mwenye kuchonga mguu utakaofungwa kwenye meza ya jirani hawezi.

Kiasi kinachotosha

Swali la mwisho wa uboreshaji ni gumu kuliko swali la mwanzo wake. Kila rekebisho hufunua kosa dogo zaidi lililokuwa limefunikwa na kubwa, na hakuna mahali ambapo makosa huisha. Aristotle aligusa jambo hili katika kitabu cha kwanza cha Maadili ya Nikomako, alipoeleza kwamba seremala na mwanajiometria huitafuta pembe mraba kwa njia tofauti: wa kwanza kwa kadiri inavyoifaa kazi yake, wa pili kwa kuwa anachunguza pembe hiyo ni nini. Msimamo wake wa jumla ni kwamba mtu aliyeelimika hutaka usahihi kwa kiasi ambacho asili ya jambo inaruhusu.

Asili ya jambo, katika mashine ya mbao, husema kwa sauti. Mbao hunywa unyevu na kuutoa. Ubao mpana hubadilika upana kati ya masika na kiangazi kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya milimita. Fremu nayo haitulii. Mita moja ya alumini hurefuka milimita 0.23 joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, na ya chuma hurefuka nusu ya kiasi hicho hivi. Anayetafuta sehemu ya mia ya milimita katika mninga anatafuta kitu ambacho mninga wenyewe hautakihifadhi hadi wiki ijayo. Juhudi hiyo huonekana kama bidii, lakini imekosa jambo ambalo bidii hutumikia. Vilevile anayeridhika na kosa la milimita moja pale viungo vinapotakiwa kushikana kwa gundi hajawa na kiasi, amekuwa mzembe. Kutosha hakupo katikati ya namba mbili zilizowekwa kabla. Hupatikana kwa kuuliza kazi inataka nini, malighafi inaweza kubeba nini, na nani atakitumia kitu hicho.

Uaminifu wa namba

Swali hilo la nani atakitumia huleta wajibu. Torati inaamuru mizani na vipimo vya haki, na kitabu cha Mithali kinaihesabu mizani ya udanganyifu kuwa chukizo kwa Mungu. Kurani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wanaopunja vipimo, na katika sura ya 55 mizani inatajwa pamoja na kuinuliwa kwa mbingu, ikifuatwa na amri ya kutoipunguza. Maandiko haya hayakukichukulia kipimo kuwa jambo la kiufundi tu. Kupima ni kumwambia mwingine ukweli kuhusu kitu ambacho yeye hawezi kukihakiki mwenyewe wakati huo.

Wajibu huo unaifikia hata skrini ya mashine ndogo. Skrini huonyesha namba hadi sehemu ya elfu ya milimita, kwa sababu programu inahesabu hatua. Mashine ikiwa na mchezo wa milimita 0.2, tarakimu mbili za mwisho kwenye skrini si habari za ubao. Ni habari za amri iliyotolewa. Fundi anayemwahidi mteja usahihi wa skrini amepunja kipimo, ingawa hakugusa mizani. Anayechonga kipande cha majaribio, akakipima mara kadhaa, na kusema kwamba mashine yake hurudia ndani ya milimita 0.2, amesema namba kubwa zaidi na ya kweli zaidi.

Kwa hiyo usahihi una sehemu tatu zisizotengana. Umbo lake hutokana na kulinganisha kunakolazimisha kosa lijitokeze. Ukubwa wake hutokana na makubaliano yanayowaunganisha watu. Kikomo chake huwekwa na kazi, malighafi na haki ya atakayeitumia. Mashine ya nyumbani imeboreshwa vya kutosha pale kosa lililobaki linapokuwa dogo kuliko kazi inavyodai, linapojirudia vya kutosha kujulikana, na mwenye mashine anapoweza kulitaja waziwazi kwa anayemchongea.